Doa Kwenye Dari: Tupime Kwanza, Nyundo Baadaye



Safari hii tunaandika juu ya jambo ambalo wengine watasema halituhusu sisi wa Biliqo: maji ya bafu la ghorofani yanayovuja na kuharibu dari ya mtu anayeishi chini. Ni kweli, hapa kwetu nyumba karibu zote ni za chini, na maji ya kuoga yanakwisha mchangani. Lakini tangu ule ukame wa 2020 hadi 2023, mvua ilipokosa misimu mitano mfululizo na mifugo ikafa mbele ya macho yetu, tunasikia kwenye mikutano watu wakisema akiba yote isikae kwenye miguu ya mbuzi. Kuna walionunua ploti Isiolo mjini, na kuna waliojenga za kukodisha. Ukishakuwa na nyumba ya ghorofa, hata kama ni ghorofa moja tu, siku moja utapigiwa simu juu ya doa.

Kikundi kimoja cha akina mama, ambacho hatutakitaja jina, kilipigiwa simu hiyo. Nyumba yao ina familia mbili chini na mbili juu, na kodi ndiyo inayolipa karo ya watoto wa wanachama. Mpangaji wa chini alimwambia mweka hazina, "Mama, dari imeoza, maji yanadondoka karibu na kitanda cha mtoto. Mwezi ukiisha nahama." Fundi akaitwa. Akaliangalia doa kwa dakika tano, akapanda juu, akasema bafu lote livunjwe, tailsi zote zitolewe, mabomba yabadilishwe. Pesa aliyoitaja ilikuwa kama bei ya mbuzi 12 siku hizo. Wengine kwenye kikundi wakasema tuuze, wengine wakasema nyumba ile ina mkosi, ni heri iuzwe yenyewe. Hapo ndipo walipokuja kutuuliza.

Tuliwaambia wasiuze mbuzi hata mmoja kwanza. Fundi anaweza kuwa sawa, anaweza kuwa amekosea, lakini hakuna anayejua kitu kwa kuangalia doa dakika tano.

Doa linadanganya

Doa linaonyesha mahali maji yalipotokea. Halionyeshi mahali yalipoingilia. Slabu ya zege haiko sawa kabisa kama meza. Maji yakishapenya juu yanatafuta njia nyepesi, yanafuata ufa, yanafuata bomba, na mara nyingi yanafuata ule mrija wa plastiki ambamo nyaya za stima zinapita. Ndiyo maana doa hupenda kukaa pale balbu inaponing'inia, hata kama bafu liko pembeni kabisa. Kama kuna siling bodi, maji yanaweza kutembea juu yake mita 2 au 3 kabla ya kupata tundu au mwungano wa bodi.

Basi, kwanza pima. Chini, pima kutoka kwenye ukuta ambao pia uko juu, kisha panda na upime vilevile. Utajua juu ya doa kuna nini: shawa, choo, sinki, au chumba cha kulala ambacho hakina maji kabisa. Doa likiwa chini ya chumba kikavu usichanganyikiwe, maana yake maji yamesafiri.

Na kabla ya yote hayo, stima. Kama maji yanatoka karibu na balbu au swichi, zima meni swichi ya nyumba ya chini na usiiwashe mpaka fundi wa stima aangalie. Watoto wasikae hapo. Siling bodi ikifanya tumbo, ujue imebeba maji na inaweza kuanguka. Sogeza kitanda, weka beseni, na mtu mzima atoboe tundu dogo kwa msumari ili maji yashuke polepole. Hili halingoji mkutano wa kikundi.

Jerikeni linalovuja tunalijua

Kila mwanamke hapa anajua kutafuta tundu la jerikeni. Halipasui. Analifuta likauke nje, analijaza, analiweka mahali pakavu, kisha anangoja na kuangalia. Bafu linatafutwa hivyo hivyo, ila bafu ni kama jerikeni tatu zilizowekwa pamoja, na lazima zipimwe moja moja.

Ya kwanza ni mabomba yanayoleta maji safi. Hayo yana presha mchana na usiku, watu wakiwepo wasiwepo. Yakipasuka yanavuja bila kupumzika. Ya pili ni mabomba yanayotoa maji machafu: tundu la sakafuni, sinki, choo. Hayo yanakuwa na maji pale tu mtu anapoyamwaga. Ya tatu ni sakafu yenyewe na kuta zake. Hizo zinavuja pale tu zinapolowa.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mpangaji wa chini lisiwe "doa ni kubwa namna gani?" Liwe "linalowa saa ngapi?"

Tulimwomba yule mpangaji achore mstari wa penseli kuzunguka doa na kuandika tarehe, halafu awe na daftari. Asubuhi, mchana na jioni aguse dari kwa kiganja, aandike mbichi au kavu. Alifanya hivyo wiki mbili, na lile daftari la shilingi chache lilitusaidia kuliko kitu kingine chochote. Dari ilikuwa mbichi karibu kila siku saa 1 asubuhi. Saa 6 mchana ilikuwa inaanza kukauka. Usiku ikawa mbichi tena. Halafu familia ya juu ilisafiri kwenda harusini Merti, ikakaa huko siku sita, na doa likakauka kabisa, ingawa maji hayakufungwa popote.

Tafadhali rudia kusoma sentensi hiyo ya mwisho. Kama bomba lenye presha ndilo limepasuka, lingeendelea kuvuja watu wakiwa harusini. Doa lenyewe lilikuwa linasema kitu kimoja na hicho, kwa maana lilikuwa na pete za kahawia, moja ndani ya nyingine. Maji yakipita kwenye zege na plasta hubeba uchafu, na yanapokauka huuacha ukingoni. Pete nyingi ni ishara ya kulowa na kukauka mara nyingi. Anayevujiwa na bomba la presha kwa kawaida haoni pete nyingi. Anaona ubichi usiokauka na matone. Ule unga mweupe unaoota kwenye zege ni chumvi na chokaa, nao unasema maji yamepita hapo kwa muda mrefu, si jana.

Kuyapima mabomba ya maji safi

Hata kama daftari limesema, tulipima. Kipimo cha kawaida ni mita. Usiku watu wakishalala, mifereji yote ikiwa imefungwa, andika namba za mita. Asubuhi, kabla mtu hajagusa maji, soma tena. Zikiwa zimesogea, kuna mahali maji yanakwenda.

Lakini hapa kuna mtego. Nyumba nyingi mjini zina tangi juu ya paa, kwa sababu maji yanapokuja kwa zamu lazima uyaweke. Bomba linalovuja likiwa linatoka kwenye tangi, mita haitakwambia kitu mpaka ile boya ya tangi ishuke na kufungua. Hapo pima tangi lenyewe. Funga maji yanayoingia, tumbukiza kijiti kirefu na kisafi mpaka chini, weka alama, kisha asubuhi pima tena. Tangi lenye upana wa mita 1 likishuka sentimita 1, zimepotea karibu lita 8. Tone moja kila sekunde hutoa lita 20 na kidogo kwa siku, yaani jerikeni zima, kwa hiyo usiku wa saa 10 utaona alama imeshuka zaidi kidogo ya sentimita 1. Anayebeba maji kwa mgongo anajua jerikeni moja kila siku ni nini.

Kuna kipande kimoja ambacho kipimo hiki hakikioni: bomba linalopanda ndani ya ukuta kutoka kwenye koki ya shawa mpaka kichwa chake. Hilo lina maji wakati wa kuoga tu. Ukilishuku, funga tundu la kichwa cha shawa kwa kizibo, fungua koki dakika 15, na uangalie chini.

Pale kwa akina mama alama ya kijiti haikusogea. Mabomba yote ambayo fundi alitaka kuyabadilisha yalikuwa mazima.

Kuyapima maji machafu

Hapa kosa la wengi ni kumwaga ndoo sakafuni na kusema "tumepima tundu." Hapana, hapo umepima tundu na sakafu pamoja, na maji yakitokea chini hutajua la kumshtaki ni lipi. Chukua kipande cha mpira wa maji au faneli, ingiza ndani ya tundu, na umimine humo bila kulowesha sakafu hata kidogo. Mimina lita 40, polepole. Tia rangi ya chakula inayouzwa dukani, nyekundu ndiyo nzuri, ili ukiona maji chini ujue ni yako. Halafu ngoja. Zege ni kama mzee anayejibu baada ya kufikiri. Lisipojibu kwa nusu saa linaweza kujibu jioni. Usifanye kipimo kingine siku hiyo.

Sinki: lijaze kizibo kikiwa kimefungwa, kisha uliachie lote kwa mara moja, ukiwa na karatasi kavu ya kufutia chini ya maungio. Choo: kipimwe siku yake, kwa rangi yake, kwa kukipiga maji mara tano au sita. Choo kinachovuja pale kinapokaa juu ya bomba hutoa doa lenye harufu, na hicho kishughulikiwe haraka kwa sababu ni uchafu unaoangukia watu.

Matundu yote yalikuwa mazima.

Kuipima sakafu

Ikabaki sakafu. Watu wengi wanaamini tailsi zinazuia maji. Hazizuii. Tailsi yenyewe haipitishi, lakini zile simiti nyembamba za katikati hunywa maji, na pembeni, pale sakafu inapokutana na ukuta, hupasuka kwa sababu ukuta na sakafu havitembei pamoja wakati wa joto na baridi. Kinachozuia maji kwa kweli ni dawa au karatasi ya kuzuia maji inayowekwa juu ya slabu kabla ya tailsi, na ndiyo hiyo wajenzi wengi huiruka maana haionekani.

Watu wa pwani walikutana na shida hii zamani kuliko sisi. Nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Maji ya kuoga yalikuwa kwenye birika, yakichotwa kwa kata, na huko Lamu watu waliweka samaki wadogo birikani wale viluwiluwi vya mbu. Hakukuwa na presha, na maji yaliyotumika yalikuwa machache. Bomba la kisasa likishaletwa juu, maji yanayotumika ni mengi zaidi, na yakivuja kimyakimya yanaingia kwenye chokaa na kwenye ncha za boriti ndani ya ukuta. Mbao inaoza pale isipoonekana. Slabu yetu haina boriti lakini ina nondo, nazo zina ugonjwa wao: kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo inalisukuma zege mpaka linabanduka. Ndiyo sababu anayepiga plasta mpya juu ya doa kwa chini, akaacha maji yaendelee juu, anajificha tu. Na kama zege limeanza kubanduka au nondo zinaonekana, usifanye kipimo tutakachoeleza sasa. Ita mtu wa majengo kwanza.

Ziba tundu la sakafuni kwa tambara lililofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Weka kizuizi mlangoni. Jaza maji mpaka kina cha sentimita 2 hivi, chora alama ya penseli ukutani, na uache saa 24 bila mtu kuoga. Familia ya juu waliomba maji kwa jirani siku hiyo, na tunawashukuru, maana walikuwa wameshatukanwa vya kutosha kwamba wanamwaga maji ovyo.

Kufika alasiri kule chini palikuwa pabichi karibu na balbu. Basi ni sakafu. Lakini sakafu wapi? Hapo tulitumia ujanja wa shambani. Sakafu ilipokauka kwa siku tatu, tulijenga tuta dogo la udongo wa mfinyanzi katikati, tukajaza nusu ya shawa peke yake. Siku nzima, kukavu. Siku ya pili tukajaza nusu ya pili, upande wenye mfereji mfupi wa chini ambapo watu wa nyumba hutawadha. Saa mbili hazikuisha doa likalowa.

Hapo daftari likaeleweka. Alfajiri na jioni ndipo familia nzima iko nyumbani na kila mtu anatawadha pale. Mfereji ule uliongezwa baada ya nyumba kumalizika, na aliyeuweka hakuangalia mteremko: sakafu ya kona ile inashuka kuelekea ukutani badala ya kushuka kwenye tundu. Maji kidogo yalikuwa yanasimama pale kila siku, na ule mstari wa ukutani ulikuwa na ufa wa kuingia ukucha. Hakuna aliyekuwa anamwaga maji ovyo.

Kutengeneza

Fundi, na tuseme ukweli, alikuwa yule yule, alifungua tailsi za kona ile tu, upana wa sentimita 60 hivi. Akasafisha, akaacha pakauke, akapaka dawa ya kuzuia maji mara mbili, akaipandisha ukutani sentimita 15, akarekebisha mteremko uwe sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu, kisha akarudisha tailsi na kuziba pembeni kwa silikoni badala ya simiti. Gharama yote haikufika bei ya mbuzi wawili, nauli ya mweka hazina ikiwa ndani.

Hatusemi kila nyumba itaponea hapo. Kama nusu zote mbili zingevuja, ingekuwa ishara kwamba chini ya tailsi hakuna kinga kabisa, na fundi angekuwa na haki ya kuvunja yote. Hata hivyo kikundi kingekuwa kinalipa kwa kujua.

Tuliwashauri akina mama wasilipe pesa ya mwisho kabla ya kujaza bafu tena kwa saa 24, mpangaji wa chini akiwa shahidi. Fundi alinuna kidogo lakini alikubali. Wale mnaojenga sasa, ombeni kipimo hicho hicho kabla ya tailsi kuwekwa, wakati dawa ya kuzuia maji imekauka na iko wazi. Hapo kosa linatengenezwa kwa brashi.

Juu ya rangi ya dari, msiharakishe. Zege lililolowa miezi linachukua wiki nyingi kukauka, hata kwa joto la Isiolo. Acheni madirisha wazi, mguse kwa kiganja kila wiki, na mstari wa penseli ubaki. Zile wiki zikipita bila ubichi, kwangueni rangi iliyofura, mpake kwanza rangi ya mafuta juu ya doa, ndipo mpake ile ya maji. Mkipaka ya maji peke yake, kahawia itapenya tena na mpangaji atapiga simu akidhani bafu limeanza upya.